Mtoto Mgonjwa Mlangoni kwa Mlezi: Siku Yake Ailipe Nani?



Wiki hii tumetoka pwani tukapanda bara hadi Thika, mji ambao wengi wetu twaujua kwa mananasi na viwanda. Swala ya alfajiri ilikuwa imekwisha, na ukungu wa msimu wa baridi ulikuwa ungali umelala juu ya mapaa ya Makongeni. Hata hivyo njia zilikwisha kujaa watu. Wengi walikuwa wanawake vijana, kila mmoja na mtoto mgongoni aliyefungwa kwa leso na kufunikwa shali, na mkononi mfuko mdogo wenye nepi mbili tatu, chupa ya uji na nguo ya kubadilisha. Walikuwa wakienda kazini: kwenye viwanda vya nguo, vya mafuta ya kupikia, vya mikate, vya chuma na vya matunda ya makopo. Baadhi yao wana barua ya kazi. Wengine ni vibarua wanaosimama langoni wakingoja kuchaguliwa. Kwa wote wawili saa ni moja: lango likifungwa, siku imepotea.

Lakini kabla ya lango la kiwanda kuna mlango mwingine ambao sharti ufunguliwe kwanza, nao ni mlango wa mlezi. Pasipo mlezi, mama haendi popote. Tulikaa ndani ya mlango mmoja wa aina hiyo tangu saa kumi na moja na nusu.

Mwenyeji wetu ni mama wa makamo, mzaliwa wa pwani, aliyemfuata mumewe Thika miaka mingi iliyopita akabaki huko baada ya kufiwa. Chumba chake ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia hulala yeye. Mbele yake, juu ya mkeka na magodoro mawili, hushinda watoto wa watu, siku nyingine wanane, siku nyingine kumi na wawili. Alituomba tusimtaje jina, nasi tumeliheshimu ombi lake.

Mtoto wa nne kufika asubuhi hiyo alikuwa wa kike, wa umri wa mwaka na miezi kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, pua ikichuruzika, na alikohoa kikohozi kikavu. Mwenyeji wetu alimwekea kiganja shingoni. Hakuwa na joto.

"Mwanangu, usiku alilalaje?"

"Vizuri tu, Mama. Ni meno."

"Dawa umempa saa ngapi?"

Yule binti akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alimpa ya kushusha homa saa kumi, kabla ya kutoka. "Nikikosa leo, Mama, jina langu litatolewa."

Mwenyeji wetu alitazama njiani, akatazama ndani. Mkekani walikuwa wamelala watoto wachanga wawili, mmoja wa miezi mitano na mwingine wa miezi sita. Tutarudi kwenye mlango huo. Kwanza twaomba msomaji atufuate tuone ni nini hasa kilichokuwa kikiamuliwa pale kizingitini.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Huenda mtu akauliza: sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tuna nini na vyumba vya Thika? Jibu ni kwamba watoto wetu wako huko. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika, na wengi wao ni wageni waliofuata kazi kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Miongoni mwao wamo mabinti na wakwe zetu. Huko hakuna nyanya wa kumwachia mtoto, hakuna shangazi nyumba ya pili, hakuna jirani aliyekuona ukizaliwa. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee; lakini katika miji ya viwanda ule mkono wa pili hununuliwa kwa malipo ya siku, na malipo yenyewe ni madogo.

Na hata hapa kwetu mambo hayako mbali. Mama anayefanya kazi katika viwanda vya nguo vya Mombasa, au hotelini Diani, naye humwacha mtoto kwa mlezi. Tunayoyaona Thika ni yetu pia.

Homa ya saa nne

Walezi wa Thika wanaijua homa moja wanayoiita kwa saa yake. Mtoto huletwa alfajiri akiwa baridi kama maji ya mtungi, anacheza, anakula uji. Ikifika saa nne asubuhi anaanza kulia, macho yanamlegea, mwili unawaka. Si kwamba ugonjwa umeanza saa nne. Ni dawa ya alfajiri iliyokwisha nguvu. Dawa ya kushusha homa hufanya kazi kwa muda wa saa nne hadi sita; haiondoi ugonjwa, huuficha tu hadi mama awe amekwisha kuingia langoni na kuiacha simu kwenye kabati.

Mwenyeji wetu hawalaumu mama hao. "Nami ningefanya hivyo," alituambia. "Njaa ya mtoto nayo ni ugonjwa." Lakini alitueleza jambo ambalo kila mzazi yampasa alijue: siku ambayo mtoto huonekana ana mafua tu, huenda ndiyo siku anayoambukiza zaidi.

Maneno yake ni ya kweli kitabibu. Ukambi, ambao wengine huuita surua au shurua, huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Vipele huja siku chache baadaye. Mtoto huanza kuambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokeza hadi siku 4 baada yake. Virusi vyake husafiri kwa hewa, na vyaweza kubaki katika chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Katika kila watu kumi wasio na kinga watakaokaa karibu na mgonjwa, tisa huupata. Tetekuwanga nayo huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya malengelenge kuonekana, mpaka yote yakauke na kufanya magamba. Basi mlezi anayengoja kuona vipele ndipo amkatae mtoto, amechelewa.

Nani wa kuogopewa zaidi chumbani? Ni wale wachanga waliolala mkekani. Nchini Kenya chanjo ya ukambi na rubela hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9, na ya pili anapotimiza miezi 18. Mtoto wa miezi mitano hajafika zamu yake. Kinga aliyopewa na mamake tumboni inaendelea kupungua, na ya sindano haijaja. Ngome yake ni moja tu, kwamba wale wakubwa wanaomzunguka wawe wamechanjwa. Wataalamu wasema kwamba ukambi huzuiwa kuenea panapokuwa na watu 95 wenye kinga katika kila 100. Katika chumba cha watoto kumi, mmoja tu asiyechanjwa anatosha kuivunja hesabu hiyo.

Ndiyo maana mwenyeji wetu hampokei mtoto mgeni bila kukiona kijitabu chake cha kliniki. Hajui kusoma Kiingereza kilichoandikwa humo, lakini anazijua safu na mihuri. Safu ya miezi 9 ikiwa tupu na mtoto ana mwaka, humwambia mama aende kwanza akachanje, kisha arudi. Chanjo hizo ni bure katika vituo vya serikali, kuanzia zahanati ya mtaa hadi hospitali ya Thika Level 5. Na iwapo mtoto aliyefikia umri wa chanjo amekaa na mgonjwa wa ukambi kabla hajachanjwa, asikate tamaa mtu: sindano itolewayo ndani ya saa 72 yaweza bado kumkinga.

Magonjwa yapitayo kwa mikono

Ukambi ni mkali lakini hauji kila wiki. Kinachokuja kila wiki ni kuhara. Virusi vya rota na vijidudu vingine hupita kutoka nepi hadi mkononi, kutoka mkononi hadi kijikoni, na jioni watoto watatu wana tumbo moja. Tangu mwaka 2014 Kenya imekuwa ikitoa chanjo ya matone dhidi ya rota kwa watoto wachanga, na imepunguza makali; lakini mikono ya mlezi ndiyo mlango mkuu, nayo hufungwa kwa maji na sabuni.

Hapa yataka tuwe wakweli. Ni rahisi kuandika kwamba mlezi anawe mikono kila anapobadilisha nepi. Tuhesabu: watoto kumi, kila mmoja nepi tatu kwa siku, ni kunawa mara thelathini, kabla hatujataja kupangusa pua na kulisha. Katika mitaa kama Kiandutu maji hununuliwa kwa mtungi. Mzazi anayetaka mlezi anawe mikono mara thelathini, basi mmoja wa mitungi hiyo ni juu yake.

Mtoto akianza kuhara, dawa ya kwanza si kidonge cha kuzuia tumbo. Ni maji yenye chumvi na sukari, yaani ile dawa ya unga ichanganywayo na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Dawa hii duni kwa bei ina historia kubwa. Mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari, huku ndugu zao wakiwashikia vikombe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hata chini ya 4. Waliookoa roho zile hawakuwa madaktari. Walikuwa mama na dada wenye kikombe. Mlezi wa Makongeni naye aweza, akiwa na pakiti mbili rafuni.

Yaliyobaki twayataja kwa ufupi, pamoja na wakati ambao mtoto aweza kurudi kwa wenzake. Aliyeharisha au kutapika akae nyumbani mpaka zipite siku mbili tangu tumbo kutulia. Mwenye matumbwitumbwi akae siku 5 tangu mashavu kuvimba. Mwenye kifaduro akae siku 5 tangu kuanza dawa za hospitali. Mwenye upele aweza kurudi siku ya pili baada ya kupakwa dawa mwili mzima, na nguo na leso zake zifuliwe kwa maji moto. Mwenye mashilingi kichwani hana haja ya kufungiwa ndani, mradi ameanza dawa na hashiriki kofia wala kitana. Macho mekundu yenye usaha yaonwe na mhudumu wa afya, na kila mtoto awe na kitambaa chake.

Zipo pia dalili ambazo mlezi hana ruhusa ya kungoja nazo hata jioni: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupata degedege, au kulegea asiamke. Hizo ni za kukimbizwa hospitali saa ileile, mama awe amepatikana kwa simu au hakupatikana.

Mlezi naye ana mwili

Tulipomuuliza mwenyeji wetu ugonjwa anaoukumbuka zaidi, hakutaja wa mtoto. Alitaja wake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mtoto mmoja aliletwa na kilengelenge kimoja nyuma ya sikio, mama akasema ni mbu. Wiki mbili baadaye mlezi alilala kitandani kwa tetekuwanga. Ugonjwa ambao mtoto huupita akichezacheza ulimlaza yeye siku kumi, kwa maana tetekuwanga huwa kali zaidi kwa mtu mzima. Chanjo yake haimo katika orodha ya chanjo za bure za Kenya. Alifunga mlango karibu wiki tatu. Wazazi wakapeleka watoto kwa walezi wengine, wengine hawakurudi. Alikula kwa mkopo wa duka, na deni lile, alisema, lilimchukua muda mrefu kuliko makovu.

Hakuna aliyemuuliza alikula nini. Hakuwa mfanyakazi wa mtu, basi hapakuwa na mwajiri wa kumlipa. Sisi tunaozungumza kila siku juu ya haki ya mtoto tumesahau kwamba mlezi ndiye ukuta, na ukuta ukianguka, walio ndani huangukiwa.

Hatari kubwa kuliko zote humkabili mlezi mwenye mimba, na wapo wengi, kwa kuwa walezi wasaidizi aghalabu ni wasichana. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye ukungu machoni wakiletwa kwake kwa pamoja. Alipouliza, aligundua kwamba mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Rubela kwa mtoto ni vipele vyepesi na homa ndogo. Kwa aliye tumboni yaweza kuwa upofu, uziwi na maradhi ya moyo. Kenya iliingiza chanjo ya rubela mwaka 2016, kwa kampeni iliyowalenga watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mwanamke ambaye mwaka ule alikuwa amevuka umri huo hakufikiwa. Kinga aliyo nayo, kama anayo, ni ya kuugua utotoni. Na chanjo yenyewe haitolewi wakati wa mimba. Kwa hiyo mlezi kijana aulizie kliniki mapema, kabla ya kubeba mimba. Na aliye mjamzito asimshike mtoto mwenye vipele, bali akamwone mkunga siku hiyohiyo akiwa amekwisha kumshika.

Pia tusisahau kwamba njia hii ina pande mbili. Kifua kikuu, kwa kawaida, hakitoki kwa mtoto kwenda kwa mkubwa. Hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mtoto. Mlezi anayekohoa zaidi ya wiki mbili ana wajibu wa kwenda kupimwa. Kipimo na dawa ni bure katika hospitali za serikali. Anayeficha kikohozi kwa kuogopa kukosa watoto, afanya lile lile alilolifanya mama aliyetoa dawa saa kumi alfajiri.

Siku ya mgonjwa ni ya nani?

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Wote wanajua kwamba mtoto mgonjwa akae nyumbani. Mama anajua, mlezi anajua, msimamizi wa kiwanda anajua. Dini yetu nayo imeliweka wazi: Mtume wetu (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe penye wazima. Ikiwa ngamia wamehifadhiwa hivyo, sembuse watoto wa watu? Upungufu basi si wa elimu. Upungufu ni kwamba siku ile ina gharama, na kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya uzazi na baba wiki mbili. Humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 nyingine kwa nusu malipo, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Lakini ugonjwa huo ni wake mwenyewe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Hayo yote ni mema. Siku ya mtoto mwenye ukambi haimo.

Si kwamba jambo hilo haliwezekani. Jirani zetu wa Tanzania Bara, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, waliandika kwamba mfanyakazi apewe walau siku 4 zenye malipo iwapo mtoto wake ameugua au amefariki. Siku nne si nyingi. Lakini ni siku nne ambazo mama haongopi, mlezi hadanganywi, na mchanga aliyelala mkekani anasalimika.

Kwa vibarua twaongeza neno moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Kenya yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla hahesabiwi tena kuwa wa kutwa; na akiendelea hata miezi miwili, ana haki zilezile ambazo angekuwa nazo lau tangu mwanzo hakuajiriwa kama kibarua. Mwenye binti kiwandani na amwambie atunze kumbukumbu ya siku zake, kwa tarehe na kwa ujumbe wa malipo ya M-Pesa. Haki isiyo na ushahidi ni ndoto ya mchana.

Tunayoyashauri

Mpaka wabunge wetu watakapoifikia siku hiyo, yapo ambayo wazazi na walezi waweza kuyafanya bila kungoja mtu. Twayapendekeza haya, kwa Thika na kwa pwani pia.

Kwanza, yawekwe makubaliano siku ya kumpokea mtoto, si siku ya homa. Mama na mlezi wakubaliane ni dalili zipi zitakazomrudisha mtoto, nani mwingine atapigiwa simu mama asipopatikana, na nusu ya malipo itakayolipwa siku mtoto anapobaki nyumbani kwa ugonjwa. Nusu hiyo ndiyo inayompa mlezi nguvu ya kukataa.

Pili, mama aseme kweli juu ya dawa. Mlezi asiyejua kwamba mtoto amekwisha kupewa dawa saa kumi huenda akampa nyingine saa mbili, na dawa ya homa ikizidi hudhuru ini. Na mlezi naye asiipokee kweli hiyo kwa matusi, kwa maana anayetukanwa leo kesho atasema ni meno.

Tatu, walezi wa mtaa mmoja wawe na chama kidogo cha kuchanga kila wiki, ili anayefunga mlango kwa ugonjwa apate cha kulia. Vyama vya namna hii twavijua. Ni vilevile vya mazishi na arusi. Kwa nini visiwe vya tetekuwanga?

Nne, wawatumie wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali imewasambaza wahudumu wapatao 100,000 nchini, wenye mikoba ya vifaa. Mmoja wao anapita mtaani kwenu. Aitwe aingie chumbani kwa mlezi, aangalie vijitabu, apime joto. Ziara moja kwa wiki ni kinga kubwa.

Tano, baba. Katika safari hii yote, kwenye milango yote, hatukuona baba zaidi ya wawili. Zamu ya usiku ikiisha, baba aliyelala nyumbani mchana aweza kumshika mtoto wake mwenye homa. Si aibu. Mwana si wa mama peke yake.

Turudi mlangoni

Mwenyeji wetu alimpokea yule mtoto mwenye macho mekundu. Hakumlaza mkekani. Alimpitisha nyuma ya pazia, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akalifungua dirisha lililo juu yake, kisha akanawa mikono hata kwenye viwiko. Mama akaambiwa: "Saa nne nitakupigia. Usiponishikia, nitampigia mumeo, na asiposhika, nitakwenda naye hospitali mwenyewe. Wende kazini."

Saa nne homa ilikuja kama ilivyotazamiwa. Simu ya mama haikujibiwa. Ya baba ilijibiwa mara ya tatu. Alifika saa tano unusu na nguo za kazi, akamchukua mtoto kliniki. Alasiri habari zikaja kwamba ni mafua tu, alhamdulillahi. Mwenyeji wetu alishusha pumzi, akaanza kuchemsha shuka za kitanda chake. Wakati mwingine, alisema, haiwi mafua, na alfajiri hakuna anayejua.

Ndugu wasomaji, mchuma janga hula na wa kwao. Mama anayeficha homa, mwajiri anayemfukuza kwa siku moja, mzazi anayebana malipo ya mlezi, wote huchuma janga ambalo litaliwa na mtoto wa mwingine, kisha na wao. Ikiwa binti yako yuko Thika au Ruiru, mpigie simu leo. Usimuulize tu mtoto hajambo. Muulize mlezi wake ni nani, anaendeleaje, na siku mtoto akiugua wamekubaliana nini. Asipokuwa na jibu, tuma kitu kidogo kwa ajili ya siku hiyo kabla haijafika.

Mwenyezi Mungu awaafu watoto wetu, na awalipe kheri wanawake wanaowalea kwa ajili yetu. Amin.